Jukwaa, Filamu na Luninga: Tunajifunza Nini Kuhusu Afya ya Akili na Mahusiano?

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulitazama jioni bila kulihesabu kuwa ni somo: mchezo wa kuigiza, filamu na tamthiliya za luninga. Hapa Singida nyumba yenye king'amuzi hukusanya watoto wa majirani, mama aliyetoka kupepeta alizeti na kijana aliyeshinda kwenye bodaboda, wote wakitazama Huba, Jua Kali au tamthiliya ya Kituruki iliyowekewa sauti za Kiswahili. Kesho yake habari zake zinajadiliwa kisimani na sokoni kana kwamba wahusika ni watu wa kitongoji hicho hicho. Sasa tujiulize: frateri anayejiandaa kuwahudumia watu hao, au katekista, au kiongozi wa jumuiya, anaweza kupata nini humo kuhusu afya ya akili na mahusiano? Na ajihadhari na nini?

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Tunaposema afya ya akili hatuzungumzii ukichaa peke yake. Tunazungumzia namna mtu anavyofikiri, anavyohisi, anavyolala, anavyofanya kazi na anavyoishi na wenzake. Kuna sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka wiki baada ya wiki, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kuamka. Kuna hofu iliyopitiliza. Kuna majeraha ya moyo yanayobaki baada ya kupigwa, kubakwa au kufiwa. Na kuna magonjwa makali ambayo humfanya mgonjwa asikie sauti wasizozisikia wengine. Hospitali ya Mirembe iko hapo Dodoma, kwa jirani zetu, tangu miaka ya 1920 enzi za Waingereza, na jina lake tumeligeuza kuwa tusi la mitaani: "huyu wa Milembe". Kwa sababu ya tusi hilo, mwenye sonona haisemi sonona yake. Atasema kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio. Ataomba dawa ya malaria. Hapo ndipo jukwaa linapotusaidia, kwa kuwa mhusika wa kubuni anaweza kusema hadharani kile ambacho mtu halisi anakificha.

Mke wa Brutus

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Kaisari ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi wanaisoma kwa ajili ya siasa: njama, kisu, hotuba ya Antoni. Mimi naona onyesho linalotufaa zaidi katika somo hili ni lile la usiku nyumbani kwa Brutus, kabla ya mauaji. Wala njama wameondoka. Mkewe Portia anamfuata na kumweleza alichokiona: umetoka kitandani kimya kimya, jana mezani uliinuka ghafla ukatembea huku na huku, nikakuuliza ukanikazia macho, ukapiga mguu chini, ukaniashiria niondoke. Brutus anajibu kwamba hajisikii vizuri tu. Portia anakataa jibu hilo. Mtu mgonjwa, anamwambia, hatoki nje kwenye baridi ya usiku. Una ugonjwa ndani ya moyo, na mimi kama mkeo nina haki ya kuujua.

Tazameni ustadi wa mwanamke huyu. Hamwambii mumewe "umebadilika" halafu akaishia hapo. Anataja siku, mahali na tendo. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa katika kumsikiliza mtu mwenye msongo: sema ulichokiona, usiseme ulichokihukumu. "Naona wiki hii hujala na wenzako" humfungua mtu. "Siku hizi una kiburi" humfunga.

Lakini tamthiliya haiishii hapo, na wahubiri wengi wangependa iishie hapo. Portia amejijeruhi paja ili kumthibitishia mumewe kwamba anaweza kubeba siri. Mtu anayejiumiza ili aaminiwe tayari yuko hatarini, na hakuna anayeliona. Kisha anabaki nyumbani na mzigo ambao hawezi kumshirikisha yeyote. Baadaye, vitani, ndani ya hema, Brutus na rafiki yake Cassius wanagombana vikali, na ugomvi unapopoa ndipo Brutus anapomweleza kwamba Portia amekufa, tena kwa mkono wake mwenyewe. Hasira ile yote ilikuwa imefunika msiba. Ni mara ngapi katika vigango vyetu mwanamume anakuwa mkali kwa watoto, au anaanza kunywa asubuhi, na sisi tunamwonya kwa ulevi bila kumuuliza nani amefariki, au mazao gani yameungua kwa ukame?

Kwa kuwa tumegusa kujiua, tuseme wazi jambo ambalo waamini wengi bado hawalijui. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wasiozikwa Kikanisa. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba matatizo makubwa ya akili, mahangaiko au hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao, Kanisa linawaombea. Nimeona inafaa kuliandika hapa kwa sababu familia nyingi hubeba msiba wa namna hiyo kwa aibu mara mbili, kifo chenyewe na maneno ya watu makaburini.

Shetani chini ya mbuyu

Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, ni kazi ngumu, na wanafunzi huikimbia. Vijana wawili wasomi, Kitaru na Juma, wanacheza mchezo chini ya mbuyu: mmoja awe Shetani, mwingine awe Binadamu. Baada ya mchezo Kitaru hayuko sawa. Amebeba kitu ambacho hawezi kukieleza, na wazazi wake wanahangaika naye. Upande wa pili kuna Juma, anayetoka katika familia iliyokuwa na mali Zanzibar na kuipoteza baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwisho urafiki hauwezi tena kuzibeba tofauti zao.

Wahakiki wengi wanamsoma shetani huyu kama ukoloni na ukoloni mamboleo, nao wana haki. Kwa somo letu kuna jambo jingine la kuchukua: Kitaru anaugua peke yake, lakini ugonjwa wake una historia inayopita mwili wake. Umo katika mali ya baba yake, katika hasara ya ukoo wa rafiki yake, katika mambo ambayo wakubwa hawakuyazungumza. Kijana wa Iramba au Manyoni anapoanza kukaa gizani chumbani, si haki kuuliza tu "ana mapepo gani?" Yafaa kuuliza pia nini kimetokea nyumbani, deni gani, shamba gani lililouzwa, mtihani gani ulioshindikana, nani alimpiga.

Hapa filamu zetu nyingi zinatupoteza. Kuna mtindo uliozoeleka: mtu anarogwa, anavua nguo barabarani, anaokota makopo, kisha mchungaji anampigia kelele kwa dakika tatu na akili inarudi palepale. Au kichaa anawekwa ili tucheke. Mtazamaji aliyelelewa na picha hizo akipata mtoto mwenye ugonjwa wa akili atamzungusha kwenye mahema ya maombezi miezi na miezi kabla ya kufika zahanati, na wapo wanaofungwa kamba na kunyimwa chakula kwa jina la maombi. Mafundisho yetu hayana utata. Katekisimu, namba 1673, inatofautisha kabisa kati ya kupagawa na ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ambao kuutibu ni kazi ya sayansi ya tiba. Na inadai kwamba kabla ya kupunga pepo ihakikishwe kwamba hilo si ugonjwa. Tena kwa kanuni ya 1172 hakuna anayeruhusiwa kupunga pepo kwa waliopagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padri. Frateri aliye mwaka wa kichungaji hayumo. Sala iendelee, bila shaka, na dawa iendelee.

Orodha na kilio

Waliosoma sekondari wanaikumbuka Orodha ya Steve Reynolds. Furaha, msichana aliyeambukizwa UKIMWI, anafariki akiwa ameacha barua yenye orodha. Kijiji kinatetemeka. Wanaume wanaamini majina yao yamo, nao wanahangaika ili isisomwe. Na kati ya wanaohangaika yumo padri, Padri James. Inaposomwa inaonekana kwamba Furaha hakuandika majina ya watu. Aliandika mambo ambayo yangeweza kumwokoa, na yanayoweza kuwaokoa wengine.

Wapo wanaoona uchungu kwamba mwandishi alimweka padri kwenye kundi hilo. Ningeshauri tusiruke kurasa hizo. Kundi la waseminari likizisoma kwa pamoja na kuzungumza kwa ukweli kuhusu upweke, madaraka na mipaka, litakuwa limefanya kazi ambayo hotuba kumi za nidhamu haziifanyi. Kwanza lijiulize kwa nini Furaha alipata nafasi ya kusema yote haya akiwa amekwisha kufa. Alipokuwa hai nani alikuwa tayari kusikia?

Kilio Chetu, tamthiliya ya miaka ya 1990 iliyotolewa na Medical Aid Foundation, inauliza swali hilo hilo kwa upande wa wazazi. Mama Suzi anaamini kwamba kumweleza binti mambo ya mwili ni kumharibu. Baba Anna anaeleza. Nadhani tamthiliya hii inachora mistari minyoofu mno, mwema huku na mkosaji kule, na maisha hayako hivyo; lakini ukimya wa Mama Suzi ni ukimya tunaoujua.

Je, mchezo hubadilisha watu kweli?

Mtu anaweza kuuliza: haya yote si burudani tu? Kuna ushahidi, na sehemu yake inatoka karibu na hapa. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye polepole anajifunza kusimama kwa miguu yake. Mtindo huo wa kuwa na mhusika mwema, mbaya na anayeyumba katikati ulitoka Mexico, kwa mtengenezaji wa tamthiliya Miguel Sabido. Ili kupima matokeo, watafiti walifanya jambo la ajabu kidogo: mtambo wa Dodoma uliachwa urushe vipindi vingine kwa miaka miwili, hadi 1995, wakati sehemu nyingine zikisikiliza mchezo. Dodoma ikawa kipimo. Wakalinganisha, wakakuta kwamba mahali mchezo uliposikika wenzi walizungumza zaidi kuhusu uzazi, watu walitumia zaidi njia za mpango, na wasikilizaji walisema wamepunguza idadi ya wapenzi. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu njia hizo, na hayabadilishwi na mchezo wa redio. Lakini hilo la mume na mke kuanza kuzungumza tulishike, maana ni kitu ambacho semina nyingi za ndoa hukitamani na hukikosa.

Mfano wa pili ni wa Rwanda. Tangu mwaka 2004 kumekuwa na mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama na kijana na binti wanaopendana kuvuka mpaka huo. Elizabeth Levy Paluck, mtaalamu wa saikolojia, alifuatilia kwa mwaka mzima makundi yaliyousikiliza na kuyalinganisha na makundi yaliyosikiliza mchezo mwingine wa afya. Alichochapisha mwaka 2009 kinashangaza. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kuwa jambo fulani ni la kawaida na linakubalika katika jamii yao, na pia matendo yao: walithubutu zaidi kutoa maoni tofauti mbele za wengine, na walipopewa redio yenye kanda za mchezo kama zawadi ya pamoja, walijadiliana wenyewe namna ya kuitunza badala ya kumwachia kiongozi aamue.

Hili lina maana kubwa kwetu. Mwanamume wa Singida anaweza kuamini moyoni mwake kwamba kulia si aibu, lakini hatalia, kwa sababu anaamini wenzake wote wanaona ni aibu. Akitazama mchezo pamoja nao, akawaona wamenyamaza, mmoja anapangusa macho, kitu kinafunguka. Ndiyo maana kutazama pamoja kuna nguvu kuliko kila mtu na simu yake.

Wakati mwingine picha huumiza

Tusijidanganye kwamba kila tamthiliya yenye huzuni inafundisha. Baada ya riwaya ya Goethe kuhusu kijana Werther, iliyotoka mwaka 1774, kulikuwa na hofu ya vijana kumwiga kwa kujiua, na miji kadhaa ikaipiga marufuku. Mwaka 2017 Netflix ilitoa tamthiliya ya Kimarekani, 13 Reasons Why, iliyoonyesha kifo cha binti kwa undani. Wataalamu walilalamika, na mwaka 2019 kampuni ikalikata onyesho hilo. Ubaya wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa katika hadithi yenyewe: binti anakufa halafu kanda alizorekodi zinawaadhibu waliomkosea. Kijana mwenye uchungu hujifunza humo kwamba kifo ni njia ya kusikilizwa. Maneno "nikifa watajuta" tunayasikia pia katika filamu zetu.

Upande wa pili kuna Papageno, yule mshika ndege katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, Filimbi ya Ajabu. Amempoteza mpenzi wake na anataka kujinyonga. Watoto watatu wanatokea, wanamkumbusha kwamba ana kengele zake, azipige. Anazipiga, na mpenzi wake anarudi. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna waliliita jina lake jambo walilolikuta magazetini: habari za watu waliofikwa na mawazo ya kujiua na wakapata njia ya kuyavuka ziliambatana na kupungua kwa vifo. Basi ukichagua filamu ya kuonyesha vijana wa VIWAWA, tafuta ile ambayo mtu anafika ukingoni na anapata mkono.

Na mahusiano? Hatari kubwa humo ni wivu kuvikwa joho la upendo. Anayekagua simu ya mkewe, anayempiga kibao kisha akampelekea maua, anayesema "nakuua najiua": tamthiliya humpa muziki mtamu, na binti wa kidato cha pili anajifunza kwamba ndivyo apendwavyo mtu. Zima sauti ya muziki onyesho hilo likipita, uwaulize vijana wanaona nini.

Kwa ndoa napendelea mchezo wa Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II. Kijana alikuwa mwigizaji wa kundi la siri mjini Kraków wakati wa vita, na mwaka 1960, akiwa tayari askofu, alichapisha kwa jina la kubuni mchezo kuhusu ndoa tatu na duka la sonara. Anna, aliyechoka na ubaridi wa mumewe Stefan, anapeleka pete yake ikauzwe. Sonara anaiweka kwenye mizani, na mizani haionyeshi kitu. Mumeo yu hai, anamwambia. Pete ya mmoja peke yake haina uzito. Zaidi ya hapo, binti yao Monica anakua akiwatazama, na anapochumbiwa anaogopa, maana ameona jinsi watu wawili wanavyoweza kuishi nyumba moja wakiwa wageni. Askofu kijana hakumwambia Monica aache kuogopa. Aliacha hofu yake isemwe jukwaani.

Namna ya kulifanya somo hili parokiani

Watu wa vibanda umiza wanawakumbuka watafsiri wa filamu kama Lufufu, aliyesimulia sinema ya Kichina kwa Kiswahili huku akichomekea maoni yake, akimcheka huyu na kumwonya yule. Kiongozi wa kikao anaweza kujifunza kwake: kusimamisha picha mahali penye uzito na kuuliza. Asihubiri. Maswali mawili au matatu yanatosha. Nani aliona kwanza kwamba huyu ana shida? Angeweza kusema nini? Huku kwetu angekwenda kwa nani?

Ikiwezekana, vijana watunge mchezo wao. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari: wasichana wenyewe walitaja yanayowakwaza, wakatafuta chanzo, wakayaigiza mbele ya walimu na wazazi. Igizo lilisema ambacho mwanafunzi asingethubutu kukisema ofisini kwa mkuu wa shule. Jumuiya inaweza kufanya hivyo kwa saa mbili, chini ya mti, bila umeme. Sharti ni moja: asitajwe mtu halisi wa kijijini, wala kisa chake kisiigizwe bila yeye kutaka.

Mwisho wa kikao usikimbilie kufunga viti. Mara nyingi kuna mmoja anayebaki nyuma, anayejifanya anatafuta kandambili. Kaa naye. Akikuambia kwamba haoni sababu ya kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa maana wewe si padri aliye kitubioni, na maisha yake yanaweza kudai umwambie mzazi, mlezi au mganga wa zahanati. Usimwache aende peke yake usiku huo. Asubuhi mfuatane hadi kituo cha afya, na kama ni mbali, mtafutie mtu wa kumpeleka ambaye yeye mwenyewe anamwamini. Wiki ijayo mpigie simu au upite kwao, hata kama alisema amepona.